Saa Nne na Nusu

Ukiniuliza saa ngapi, Chausiku, nitakujibu:
ya nani?

Hapa St. John's akrabu fupi imegusa nne,
sisi tunasema kumi, kumi za alfajiri,
nami nafunga aproni
kwenye tanuri la mikate la Bwana Noseworthy.
Kwako Prince Rupert bado ni jana,
saa tano na nusu za usiku,
unavua buti za mpira mlangoni,
magamba ya samaki yamekuganda viganjani,
na mvua, unasema, ile ile.

Saa nne na nusu. Si wakati, ni umbali.
Nne nazihesabu kwa vidole;
ile nusu nakunja gumba katikati.
Majirani wote wameridhika na saa nzima nzima,
mji huu ukadai nusu yake, ukaificha,
kama chenji ambayo mwenye duka
amekataa katakata kuirudisha.
Niliwauliza kwa nini. Wakacheka.
Wakanimiminia chai.

Hapa watu huanza kusema kabla hawajakuona.
Binti wa dukani ananiita kipenzi
na jina langu halijui.
Upepo uking'oa mlango wa gari
mwenye gari anausimulia kama habari za harusi.
Nyumba zimepakwa nyekundu, manjano, kijani cha ndizi mbichi,
ili ukungu ukishuka, nadhani,
kila mtu aokote yake.
Mwezi wa tano jabali la barafu lilitia nanga
nje ya bandari, wiki nzima,
tukalisengenya kama mgeni asiyejua kuaga.

Kwako wananena kwa kupima.
Kulungu anavuka barabara kwenye mistari myeupe,
anatazama kushoto, kulia,
na hakuna anayepiga honi.
Bi Leighton wa ghorofa ya chini alikaa miezi saba
bila kukuambia zaidi ya "haya".
Wa nane akagonga, akakupa chupa ya samaki wa moshi,
akashuka ngazi zake.
Ulinipigia ukilia. Nilikuwa nakanda unga.
Nilidhani kuna msiba.

Juzi usingizi ulinipaa, nikafanya hesabu.
Mama alikupa jina kwa kuwa ulizaliwa Tanga
saa nane za usiku, mwezi wa sita, umeme umekatika.
Nikatoa saa moja moja mpaka bandarini kwako:
huko ilikuwa saa kumi za jioni,
tarehe ya nyuma, mchana kweupe.
Kumbe kwa hao unaoishi nao wewe ni Chamchana,
na umri wako una siku ya ziada.
Utamdai nani?

Na hapa nilipo ilikuwa saa mbili na nusu,
ule mwanga wa mwisho usiojua njia ya kutoka,
huyu akauita usiku, yule akauita jioni,
wote wakawa na haki.
Mimi naishi humo.

Usikate simu. Najua umechoka,
nasikia maji yanachemka upande wako.
Mikate ya kwanza imeingia motoni,
nikiitoa akrabu ndefu itakuwa imelala chini kwenye sita
na kwako usiku utakuwa umegawanyika.
Sasa nimeijua kazi ya ile nusu.
Kaa nami, tusiseme kitu,
mpaka uvuke uingie leo.