Chupa ya Nne

Nimefika Lukuledi saa kumi na mbili na nusu,
kabla ya ndoo za kwanza.
Sanduku la barafu begani, kalamu ya wino usiofutika,
chupa sita zilizochemshwa jana Lindi.

Chupa inazamishwa ikiwa imefungwa. Unaifungua chini kwa chini,
mdomo ukielekea mkondo unakotoka,
kama unamsikiliza mgeni bila kumkatiza.
Usiijaze pomoni: hata vijidudu vinahitaji hewa.

Bi Asumini Nandonde yumo majini hadi magotini.
"Tafuta salfa," ananiambia. "Ni ile ya mikorosho.
Mwezi wa saba, wakishapulizia huku Nyangao,
maji yananuka kiberiti, wali unanuka kiberiti,
mume wangu mwenyewe ananuka kiberiti."
Anacheka. Kisha hacheki.
"Na wajukuu wanaharisha."

Kijiji kimeshaandika majibu,
kinangoja saini yangu tu.

Lindi, chumba cha nyuma. Umeme umekatika mara mbili.
Kipimo cha asidi: sita nukta nane.
Salfeti ipo, chini ya kikomo.
Naitreti imepanda, ila kwenye chupa moja.
Nikachuja maji juu ya utando mwembamba kama ganda la kitunguu,
nikaulaza kwenye joto la nyuzi arobaini na nne,
nikaenda kulala, nisilale.

Asubuhi, chupa ya kwanza: madoa mawili.
Ya pili, matatu. Ya tatu, matano.
Ya nne sikuweza kuhesabu,
manjano tupu, mtama ulioanikwa ukagusana.

Nikafungua ramani.
Chupa ya nne: hatua arobaini chini ya zahanati,
chini ya choo kipya tulichokizindua kwa ngoma na bango,
jina langu la tatu kutoka juu
kwenye kibao cha saruji.
Fundi alisema maji yapo karibu.
Tulimwambia achimbe, wageni wanakuja Ijumaa.

Fomu ina safu ya tope, safu ya rangi, safu ya harufu.
*Chanzo kinachodhaniwa*: sentimita mbili.
Salfa ingeenea pale, herufi tano,
na kijiji kizima kingenishukuru.

Nimeandika: choo chetu.
Mwandiko umebanana.
Wino ni ule ule.

Kesho narudi kwa Bi Asumini.
Nitamkuta na ndoo imeshajaa, kata inaelea juu.
Nitaanza na salamu.
Salamu zitakuwa ndefu.