Fundo la Leso

Bwanakheri haoni kazi ya mlango.
Februari hii, Tudor, feni imekufa,
yeye huoga mlango wazi, akituuliza miwani iko wapi,
na Mishi, miaka minne,
hata hainui macho kwenye mahamri yake.
"Mwili ni mwili," asema.
"Kwetu tulikuwa tisa, chumba kimoja."

Kwetu, Kuze, tulikuwa watatu na mapazia manne.
Mama alivaa na kuvua ndani ya leso,
ncha moja menoni,
akitugombeza vivyo hivyo,
maneno yakipenya kando ya kitambaa.
Bega lake nililiona mara moja,
siku ya kumwosha.
Lilikuwa na baka. Kama langu.
Miaka thelathini na sita sikujua.

Jana nilipokuwa nikibadili nguo
nikaliacha fundo lishuke, vidole vitatu tu.
Mishi akaliona, akaligusa
kama agusaye pasi.
"Nani alikuchora?"
"Bibi yako."

Leo alfajiri, mlangoni pangu, kisauti:
"Hodi."
Si mimi niliyemfundisha. Babake ndiyo kabisa.
Nimesimama, ncha ya leso menoni,
siwezi kujibu.