Tukifungua

Elfu themanini na tano, anasema Bwana Lusweti,
na kwa vile keki ya harusi ya Nasimiyu uliioka wewe, themanini.
Toyota ya rangi ya maziwa yaliyolala,
namba yake inaanza na KAL,
imeegeshwa nyuma ya nyumba, Buruburu awamu ya tatu,
chini ya kamba ya nguo.
Kibanio kimoja kimeangukia kioo cha mbele
na hakuna aliyekiondoa.

Mutinda hasemi neno. Anachomoa kijiti cha oili,
anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena,
ananinyooshea kama mwalimu anayemwonyesha mzazi daftari.
Chai ya maziwa, anasema.
Na kweli: kahawia laini, povu juu,
ungeweza kuinywa kwa andazi.
Maji yameingia kwenye oili. Gasketi imekwenda.
Kama ni gasketi tu.

Washa.
Inakohoa, inakataa, inakubali.
Moshi mweupe unapanda hadi kwenye mashuka ya jirani;
jirani anafungua dirisha, anatuangalia, analifunga.
Huo si moshi, ni mvuke, anatusahihisha Bwana Lusweti,
karani wa reli miaka thelathini na mmoja.

Napiga hesabu nyuma ya risiti ya unga:
gasketi, elfu nne na mia tano ile ya kweli,
ile nyingine elfu moja na miezi miwili;
kichwa kupelekwa Grogan kunyooshwa, elfu sita;
mkono wa Mutinda, tutaelewana;
na siku mbili anazosema,
ambazo kwa saa za gereji ni wiki.
Pembeni naandika: bodaboda.
Jumamosi iliyopita keki ya ghorofa tatu
ilifika Utawala ikiwa na ghorofa mbili na aibu.
Bi harusi hakulia. Afadhali angelia.

Rahisi ghali, aliniambia dada yangu Kwamboka kwa simu.
Nikamjibu, ghali nayo ni ghali, tena haina pa kuanzia.
Akacheka, halafu akanyamaza.

Na kama kichwa kimepasuka? namuuliza Mutinda.
Ama bloku?
Anasugua mikono kwa mchanga na sabuni ya unga.
Mama, hiyo siwezi kusema nikiwa nje.
Tukifungua ndipo tutajua.

Maneno hayo nimewahi kuyalipia.
Kwenye korido ya hospitali, ghorofa ya nane,
daktari kijana, kalamu mbili mfukoni,
na baba yetu ndani akiuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.
Tukauza ng'ombe. Wakafungua.
Wakajua.
Wakafunga.

Gari si baba. Najua.
Lakini mkono uliokuwa unaelekea kwenye mkoba
umesimama hewani kama uliosahau ulichotumwa.

Bwana Lusweti anakiondoa kile kibanio,
anakitia mfukoni.
Ilikuwa ya mama Nasimiyu, anasema. Mimi sikuwahi kujifunza.
Bei haijasonga. Sauti ndiyo imeshuka.

Naingia, nakaa. Kiti kimeshika umbo
la mwanamke mwembamba kuliko mimi.
Nageuka: viti vya nyuma vikilazwa,
ghorofa tatu zinaenea. Hata nne, bila ua la juu.
Napima kwa shubiri, mara mbili.

Kisha natoa elfu tatu.
Si za kununua, namwambia. Ni za kufungua.
Tukikuta ufa, tunafunga, gari linabaki lako,
na sitakudai hata bolti.

Anafikiri kwa muda mrefu,
kama mtu anayengoja treni ya mizigo ipite,
behewa baada ya behewa.
Haya, anasema. Fungueni.

Mutinda anainama kutafuta spana.
Mimi nageuza uso,
nahesabu nguo zilizo kambani.