Nani Alisikia?

Oruro, Agosti, saa mbili asubuhi.
Baridi ya Bolivia imegandisha hata wino.
Tuko kumi na mmoja, kompyuta sita,
na Mwalimu Filomena Quisbert, koti begani, anasema:
leo mtaifundisha mashine kuandika tanzia,
au itawafundisha ninyi. Tutaona.

Nikaandika: Saturnino Villca, miaka themanini na moja,
mpiga ishara wa reli, mstaafu. Ameacha mjane.
Nikabonyeza.
Kabla sijapuliza vidole mara ya pili
aya nne zilikwisha simama wima, zimechana nywele,
hakuna mkato uliopotea njia.
Na mwishoni mjane analia kwa ufasaha:
“Alikuwa nguzo ya nyumba yetu na taa ya mtaa.”

Nilijiona tajiri. Yhamil, jirani yangu, akapiga mluzi.

Mwalimu akasoma, kasimama nyuma yangu.
Hakukaripia. Aliweka kidole juu ya kioo,
pale pale penye alama za usemi,
akauliza kama mtu aulizaye bei ya viazi:
“Nani alisikia?”

Nikaitazama mashine. Ikanitazama
kwa kile kijiti chake kinachopepesa, kinachopepesa.
Nikaiuliza. Ikaniomba radhi kwa adabu kubwa,
ikanipa nukuu nyingine,
tamu kuliko ya kwanza.

Basi nikavaa kofia.
Nyuma ya stesheni, mlango wa bati la bluu.
Mama Casimira hakusema nguzo, hakusema taa.
Alisema, “Futa miguu.”
Akanipa chai ya koka, akarudi kuchambua viazi vikavu,
dakika arobaini, kimya,
kalamu yangu ikiona haya juu ya karatasi tupu.
Halafu saa ya ukutani ikagonga,
na mimi, mjuaji, nikamwambia iko mbele dakika saba.
“Iache,” akasema. “Aliiweka hivyo mwaka tuliooana,
treni isije ikamkuta na mkate mdomoni.
Treni yake haipiti tena.
Mimi bado nakula mapema.”

Niliyaandika hayo kwa mkono wangu, yamepinda pinda.
Kisha, sifichi, nikaipa mashine inikagulie tahajia.
Iliona makosa matatu ya kweli. Ahsante yake.
La nne, ikapendekeza ile saa
irudishwe nyuma dakika saba,
kwa ajili ya usahihi.

Nikaiacha ipepese.