Ubao wa Theluji

Kila alfajiri naandika ubaoni kwa chaki ya buluu:
*Nje, nyuzi thelathini na nne. Ndani, mbili chini ya sifuri.
Theluji: laini, imechanwa vizuri.*
Kisha natia sahihi, Tweve,
kana kwamba nimeinyesha mimi.

Na nusu yake nimeinyesha. Usiku kucha
mizinga hutema ukungu chini ya dari la bati,
mimi na Pasang tunapita na reki
kama watu wanaotandika kitanda cha jitu.
Pasang katoka kwenye theluji yenyewe, ile inayozika watu.
Hii anaiita mtoto wa friji.
Mimi ni wa Makete. Kwetu sakitu hulala juu ya viazi mwezi wa Juni,
na mama huitukana kwa jina.
Sikujua kuna nchi watu huilipia kwa saa.

Machi ndio mwezi wake. Huko Jebel Akhdar waridi linavimba,
hapa Maabela joto linabisha hodi, halijaingia bado.
Saa tatu asubuhi kilima ni unga wa sembe.
Adhuhuri, chumvi ya mawe.
Ikishapita Isha, miguu ikishakuwa mingi, ni uji,
na uji hauna heshima: unamwangusha yeyote.

Alhamisi ndiyo hasa. Vijana wa Sib
wanabishana kofia ya chuma ivaliwe juu ya kuma au badala yake,
abaya zinachungulia chini ya makoti ya kukodi,
na makoti yote ni mekundu, hata hujui
nani tajiri, nani ana tajiri.
Rodel, mwalimu, anapiga kelele: "Magoti! Magoti!"
Hakuna mwenye magoti.

Nyuma ya kioo, Bi Thuwaiba.
Ana chupa ya kahawa, ana haluwa, wajukuu sita mlimani,
na kazi yake ni kutoa alama.
"Huyo! Kaanguka kama gunia. Tatu.
Yule mwembamba, ah, kaanguka na mbwembwe. Saba!"
Kazaliwa Wete. Kiswahili chake kina vyumba
ambavyo mimi sijawahi kufunguliwa.
"We wa bara," huniita, "mbona hukuchekii?
Kwenu hamuanguki?"

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa mbili usiku,
mtambo ukakata.
Kwanza kimya, kimya ambacho sikuwahi kukisikia mle,
halafu tone moja shingoni mwangu kutoka darini,
halafu jingine.
Tangazo likasema tokeni. Likasema tena kwa Kiingereza.
Hakutoka mtu.
Wanaume wazima wakabeba sinia za mkahawa
wakaburuza watoto, kanzu zimelowa hadi magotini
(magoti yakaonekana, Rodel akanyanyua mikono).
Dereva mmoja wa Kerala, siku zote hungojea garini,
aliingia na viatu vyake vya ngozi, akasimama katikati
akiuma donge la theluji kama tofaa.

Bi Thuwaiba akaja bila tiketi.
Akavua kubadhi mlangoni kama anaingia kwa watu.
Unyayo mmoja. "Uuu! Kumbe inauma."
Unyayo wa pili.
Nikamshika mkono, mkono mwepesi, una harufu ya zafarani.
Akapanda hatua nne. Tano. Akageuka:
"Haya, nipe alama."
Nikamwambia, Bi mkubwa, hujaanguka.
Akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa dukani,
akaniachia mkono,
akaketi. Pwaa! Kwa makusudi, na miguu juu,
wajukuu sita wakapiga mayowe.

Saa nane usiku mtambo ukarudi.
Uji ukaganda ulivyoachwa: nyayo, sinia, viwiko,
na kokwa ya tende ndani ya barafu
ambayo reki ya Pasang iliizunguka mara mbili
ikaiacha.

Alfajiri nilikaa na chaki muda mrefu.
*Ndani, mbili chini ya sifuri.
Theluji: imeyeyuka, imeganda. Ngumu, ina matuta.
Angukeni kwa adabu.*