Kupanua Mlango

Bi Nyafwono ameniita nipanue mlango mkubwa,
lori la simiti liingie kinyumenyume
hadi pale zamani palipokuwa na madhabahu.
"Futi kumi na mbili, fundi. Usinipunje hata inchi."
Nimekuja na timazi, tindo, nyundo ya ratili nne,
na Opendi, mpwa wangu, asiyejua kunyamaza.

Kanisa hili walilijenga watu wa reli.
Ukitaka ushahidi, inua kichwa:
kenchi ni za mvule,
lakini kinachozibeba ni reli yenyewe,
imelazwa toka ukuta hadi ukuta,
namba ya kiwandani bado inasomeka.
Treni iliacha kuja Tororo, nami nilikuwepo.
Kipande hiki hakijapata habari.

Madirisha ya tao, matatu huku, matatu kule,
membamba, yamewekwa juu
ili aliyepiga magoti asiione barabara.
Leo shelfu zimeyafikia: rangi ya mafuta, gundi, vitasa.
Mwanga unajipenyeza kati ya madebe,
unatua sakafuni vipande vipande.

Birika la ubatizo lina misumari ya inchi tatu.
Mimbari ndiyo kaunta, na inafaa,
aliyeipandisha ngazi nne alitaka kuona kila mkono.

Tatizo ni sauti.
Dari lilichongwa ili neno la mtu mmoja
limfikie kiziwi wa benchi la mwisho,
na hakuna aliyelijulisha kuwa kazi imebadilika.
Opendi anauliza bei ya bawaba;
bei inapanda, inazunguka kwenye kenchi,
inashuka taratibu kama itikio:
elfu nne… elfu nne…
Mteja mmoja wa Nagongera
amevua kofia bila kujijua.

Sikuja kulia.
Kichwa changu kililowa katika birika lile,
baba akiwa amevaa sare ya stesheni, bendera kwapani.
Lakini miaka ile ya popo na mvua
sahani ilipopita mbele yangu
nilitia shilingi mia, nikatazama pembeni.
Mabati haya mapya ni ya Bi Nyafwono,
kayalipia kwa faida ya misumari.

Haya. Nguzo za mkaratusi kwanza, kulia na kushoto,
maana tao ni watu waliolewa wakirudi nyumbani:
mtoe mmoja, wote chini.
Matofali ishirini na tisa, nimeyahesabu,
kila moja likimsukuma jirani na kusukumwa.
Hamna chuma. Katikati yake ni chokaa tu,
hata kijiko cha simiti hamna.
Magunia mia tatu ya simiti humu ndani
yamekaa chini ya ulinzi wa chokaa.

Tofali la kumi na moja limetoka zima.
Nimeligeuza.
Nyayo ya mbwa. Vidole vinne na kisigino,
vimezama kwenye udongo kabla ya tanuri.
"Mjomba," Opendi anacheka, "huyu kaingia kanisani
kabla ya padre!"
Nayo kenchi inarudia: kabla ya padre… padre…
Arusi zote zimepita chini ya unyayo huu,
na majeneza, na mimi, na baba yangu mara mbili.

Ukuta ulipofunguka, mwamba wa Tororo ukaingia wote,
mweusi, umelowa, hadi kwenye kaunta.
Bi Nyafwono aliacha kuhesabu noti.
Miaka yote jengo lilikuwa limeupa mgongo.
Hakusema kitu. Akalamba kidole, akaanza upya kuhesabu.

Nilimwomba lile tofali.
"Makuukuu ni mia tano," alisema,
na akaniandikia risiti, kwa karatasi ya kaboni:
Tofali moja. Lina alama. Limelipwa.

Lori lilikuja jioni, likapiga pi, pi, pi,
na dari likajibu kila moja.
Kila upande ilibaki nafasi ya inchi moja.