Mzigo Hai

Stresi nilikuja nayo chuoni,
ndani ya begi, pamoja na blanketi na fomu ya mkopo.
Neno hilo Nairobi nzima inalo:
kinyozi analo, mama mboga analo,
hata mtoto wa darasa la tatu.
Daktari Chelagat akatunyang'anya kwa mstari mmoja wa chaki:
nguvu, ukiigawanya kwa eneo.
Nikafikiria chumba chetu cha Pipeline,
futi kumi kwa kumi, mimi na Nasambu na mtungi wa gesi,
nikasema, kumbe hesabu yake ipo.

Kiingereza hiki hatukukisoma Mwala.
Kule tulifunzwa kile cha barua za kuomba kazi
na insha za siku nisiyoisahau.
Hiki kinachukua neno la nyumbani
na kulivisha ovaroli.

Uchovu, kwa mfano, wameupa chuma.
Tena si mzigo mmoja mkubwa unaokichosha, alisema,
ni ule mdogo,
ukirudi na kurudi mara milioni,
mpaka ufa uanze mahali jicho halifiki.
Wenzangu waliandika maana.
Mimi niliandika: bega la kushoto la baba,
miaka kumi na tisa ya saruji, kilo hamsini hamsini,
na kila jioni akisema sijachoka.

Neno la uvumilivu nalo lilinichanganya.
Karakanani si sifa ya mtu.
Ni kosa unaloruhusiwa,
mia mbili za milimita,
yaani sehemu mbili kati ya mia, nilikosea hata hapo,
na ukizidisha, kipande kinatupwa kwenye ndoo.
Jumanne hiyo nilitupa vitano.
Mvumilivu hakula mbivu.

Kuna na neno la mavuno,
ambalo ukilipindua ni kusalimu amri:
nondo inavutwa, ukiiachilia inarudi ilivyokuwa,
inavutwa tena, inarudi,
kisha inafika mahali haitarudi,
na bado haijakatika.
"Hapo ndipo nilipo na hisabati," Nasambu akasema.
Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini nililolala nalo ni hili.
Mzigo mfu ni jengo lenyewe: kuta, zege,
tangi la maji juu ya paa.
Mzigo hai ni watu.
Watu na vitanda vyao, na wageni wanaopita tu.
Tumo kwenye jedwali, kwa kila mita ya mraba.

Jumamosi nikakuta nondo zinapandishwa kwa kamba.
Ghorofa ya nane.
Kibali kilisema tano,
Kithome mwenyewe, mlinzi wa ploti, aliwahi kuniambia hivyo akicheka.
Nikashuka hadi chini, nikaipima nguzo kwa mkono:
shibiri moja, haikutimia.

Nikamwambia, hii haitoshi.
Akauliza, wewe ni injinia?
Niko mwaka wa pili.
"Basi hicho Kiingereza kimalize kwanza."

Nilikuwa na maneno yote, daftari zima,
na hakuna hata moja lililoweza kuvuka mlango wake.
Nikatafuta.
Nikamwambia: Kithome, umewahi kukunja waya
ukaunyoosha, ukakunja, ukanyoosha?
Akatazama juu.
Akatoa funguo mfukoni, akazirudisha.

Usiku, juu ya vichwa vyetu, zege lilimwagwa
karai baada ya karai.
Nasambu alikuwa akisonga ugali.
Nikachukua risiti ya kodi, nikaigeuza,
nikaandika wote ninaowajua katika ngazi zetu:
Mama Shaniz. Mapacha wa chumba cha kumi na nne.
Otiato wa redio. Yule anayekohoa.
Mimi. Nasambu.
Kisha, kando ya kila jina, kilo.